Kona ya Haskins Ilipungukiwa Mmoja

Foleni ya punje za mahindi ilikuwa imefika mpaka banda la yule ng'ombe aliyechongwa kwa siagi, na aliyeichelewesha alikuwa mtu mmoja, Galen Hruska, kijana wa kampuni ya bima ya mazao, kofia yake imefifia kwa jua. Kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo hapa Des Moines kila mtu hupewa punje moja aitie kwenye chupa yenye picha ya anayemtaka awe rais. Wengine hutia huku wanatafuna. Galen alisimama mbele ya zile chupa kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

"Kaka, ni punje moja tu," sauti ya kike ikasema nyuma yake. "Si ndoa."

Akageuka. Gauni la njano lenye maua madogo, viatu vya turubai vimejaa vumbi, nywele zimefungwa juu bila mpango, na kifuani beji ya Seneta Haskins kubwa kama kisosi. Mkononi alishika nyama ya nguruwe kwenye kijiti.

"Ingekuwa ndoa ningeharakisha," Galen akasema. "Hili ni la miaka minne."

"Na ndoa unadhani ni ya miezi mingapi?" Akacheka. "Mtie Mama Haskins, twende zetu."

"Haskins anataka kumkatia baba yangu ruzuku."

"Baba ana ekari ngapi?"

"Mia nne. Mahindi na soya."

"Basi hamgusi. Anawakatia wale wa ekari elfu kumi wanaolima kwa simu wakiwa Florida. Nipe namba yako nikuelimishe taratibu, watu nyuma yetu wanaungua."

Galen akatoa namba. Punje akaitia mfukoni, maana kichwani hakukuwa tena na mwanasiasa hata mmoja.

Yule msichana aliitwa Maren Tvedt. Mchana alikuwa fundi wa maabara hospitalini, jioni alijitolea kuwapigia simu wapiga kura wa mtaa wao kwa ajili ya Haskins. Galen naye akawa miongoni mwa wanaopigiwa, na simu yake ndiyo ikawa ya mwisho kila jioni, na ndefu kuliko zote.

"Habari za jioni, mpiga kura wangu usiyeamua."

"Habari za jioni, kero yangu."

"Umekula?"

"Nimekula. Haskins amekula?"

"Haskins ameshiba. Mimi ndiye nina njaa, njoo unichukue."

Wakawa wanakaa kwenye mgahawa wa mikate ya nyama ya kusaga, wakibishana kama mafuta ya gari yanayotengenezwa kwa mahindi yanamsaidia mkulima au tajiri mwenye kiwanda, na kama Gavana Bellamy, kipenzi cha wakulima, ana ubavu wa kushinda urais au ni domo tu. Mhudumu akishapandisha viti juu ya meza, ndipo wanakumbuka hawajashikana mikono. Baridi ilipoingia walikuwa wanashikana tangu supu. Galen alikuwa amependa, kapenda vibaya.

Lakini moyo ukipenda, masikio huwa ya kila mtu. Duane, mwenzake ofisini, shabiki wa Bellamy, alimwuliza siku moja wakinywa kahawa, "Huyo wa Haskins bado anakupigia?"

"Kila jioni."

"Ndivyo wanavyofundishwa, bwana. Mtu ambaye hajaamua hawamwachii. Wanamjua mpaka mbwa wake. Uchaguzi ukipita, utaona."

Galen akacheka, ila kicheko kikamkwama. Jioni ile simu ilipolia, hakumwita kero yangu.

"Maren, nikuulize kitu. Ningekuwa wa Haskins tangu siku ile, ungenipigia?"

Upande wa pili kukawa kimya. Akasikia friji ya Maren ikinguruma, halafu hata hiyo hakuisikia.

"Umeniuliza nini?" Maren akasema hatimaye, sauti imepungua.

"Umenisikia."

"Nimekusikia, Galen. Ndiyo maana nauliza." Simu ikakatwa.

Wiki zikapita. Kile kimya Galen alikigeuza huku na huku. Leo alikiona ni cha mtu aliyekamatwa, kesho cha mtu aliyeumizwa, na kila akishika simu alijikuta hajui aombe msamaha au aombwe. Kwa hasira, au kwa ajili ya mahindi ya baba, hakuwa na hakika, akajiandikisha kwa Bellamy.

Jioni ya kuchagua mgombea wa chama ilifika na theluji yake. Hapa kwetu chama hakitumii karatasi, watu husimama. Kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi kila mgombea alikuwa na kona yake, na kona isiyotimiza idadi huvunjwa, watu wake wakatafute pengine au warudi makwao. Kona ya Bellamy ilijaa. Kona ya Haskins, iliyosimamiwa na Maren mwenyewe, ilipungukiwa mtu mmoja.

"Mmoja tu!" mwalimu mmoja mstaafu wa kona ile akapiga kelele. "Maren, si yule kijana wako yuko pale? Kamlete!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Galen. Maren akavuka sakafu taratibu, sweta ya kijani, buti zinatoa maji. Amekonda, Galen akawaza.

"Mmepungukiwa mmoja," Galen akasema.

"Najua kuhesabu."

"Nikija mnapita. Umekuja kuniomba."

"Nimekuja kukuambia usije."

"Nini?"

"Ukivuka leo, kesho utajiuliza tena Maren alikuwa anataka nini. Na mimi sitakuwa na jibu. Baki na gavana wako wa mahindi. Miezi yote hii nimemhangaikia Haskins, Galen, nampenda yule mama. Baki hapo hapo."

Akarudi peke yake. Mwenyekiti akatangaza muda umekwisha, kona ya Haskins ikavunjwa. Yule mwalimu akampita Maren bila kumtazama, na Galen alisimama akiwa haelewi kama ameachwa au amepewa kitu.

Maren akachukua koti, akaenda kusimama kona ya mbali kabisa, ya Meya Ostrow. Simu ya Galen ikalia.

"Habari za jioni," sauti ikasema.

"Maren? Umehamia kwa Ostrow?"

"Nimefuata hita, miguu imeganda. Sina mgombea tena, sina ninachokuomba. Nimekupigia tu. Umekula?"

"Sijala. Nilikuwa mjinga, kero yangu. Nisamehe." Akapapasa mfuko wa koti, ile punje aliyoihamisha kila alipobadili nguo ilikuwa bado imo. "Siku ile ulisema si ndoa. Na kama safari hii ni ndoa?"

Kukawa kimya kama kile cha kwanza. Ila safari hii alikuwa anamwona, ng'ambo ya ukumbi, akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Mambo hayo hayaulizwi kwa simu," Maren akasema. "Njoo huku."

Galen akaanza kutembea.

"Hruska!" Duane akaita. "Hesabu ya mwisho bado! Unakwenda wapi?"

Hakugeuka. Alipofika alimshika Maren mikono yote miwili, akamwuliza tena, taratibu, bila kubabaika kwa mara ya kwanza tangu maonyesho ya Agosti. Maren alikuwa anatikisa kichwa kukubali wakati mzee wa kona ya Ostrow alipojipenyeza katikati yao kwa furaha, akambandika Galen beji kifuani na kumhesabu.

"Karibu, kijana. Umevutiwa na sera yetu ya ruzuku?"

"Sana," Galen akasema, na mpaka leo sera hiyo haijui.