Wawili Ndani ya Bawa

Wenzangu wakisimulia mambo ya kutisha huanza na bundi na upepo. Mimi naanza na chai, tena ya saa nne asubuhi, jua limewaka kila upande, kwa sababu haya hayakuhitaji giza. Yalimpata jirani yangu ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja: akikohoa kule, mimi huku namwambia pole. Kwa hiyo usinitafutie shahidi.

Mtaani tunamwita Fundi Ehe. Jina alilipata kiwandani masikio yalipoanza kumwisha, ukimwambia jambo anakujibu "ehe?" mpaka ulirudie. Ujana wake wote aliumaliza akigonga ribiti kwenye ndege ya kivita, ile iliyokuwa iwe ya kwanza kuundwa na mikono yetu wenyewe.

Ribiti ni pini fupi inayoshona bati la ndege kwa bati lenzake, na haigongwi na mtu mmoja. Mmoja husimama nje na mashine. Mwingine hutambaa ndani ya bawa, akalala chali gizani, akakinga kipande cha chuma upande wa pili ili pini ipate pa kujikunjia. Hawaonani, na kelele ile haina nafasi ya maneno. Basi huongea kwa kugonga bati. Mara moja: sawa. Mara mbili: rudia. Mara tatu: toka, kazi imekwisha. Wa ndani hatoki mpaka agongewe. Na juu ya yote hayo kulikuwa na sheria ambayo mtu alifundishwa kabla hajashika hata nyundo, kwamba ndani ya bawa aingie mtu mmoja tu. Bati halitaji jina. Ukigonga mara tatu umemwita yeyote aliyemo.

Wa ndani wa Fundi Ehe alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, kijana mwembamba aliyepita kwenye matundu ambayo paka angegoma.

Ndege ilikuwa imebakiza bawa moja tu wakati wakubwa, huko kwenye viyoyozi vyao, walipoona afadhali wanunue za wenzao, mitumba iliyopakwa rangi. Askari wakaingia karakanani, umeme ukazimwa, kila mtu nje. Mdogo mtu alikuwa bawani. Walimkokota kwa vifundo vya miguu kama gunia. Hakugongewa.

Toka siku hiyo hakuwa mtu. Alilala nyumbani chali, mkono wa kulia ameukaza ukutani kama anayekinga. Ukimwambia inuka ule, jibu ni moja: "Sijagongewa." Kaka yake akagonga ubao wa kitanda mara tatu. Mgonjwa akamtazama kwa huruma.

"Si hapa, kaka. Kule."

Fundi Ehe akaenda getini kuomba aingie, agonge bati, atoke, basi. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mdogo mtu akafa vile vile, na waliomwosha walishindwa kuukunja ule mkono.

Ndege ikatupwa uani nyuma ya kiwanda, mvua yake, jua lake. Injini zilichukuliwa, viti vikachukuliwa, panya wakazaa penye kiti cha rubani, magugu yakapanda magurudumu. Miaka ikaenda hadi mtoto wa yule mlinzi akaoa. Ndipo akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akauliza nani anajua mabati haya yameungwaje ili akate bila kubahatisha. Akaelekezwa kwa Fundi Ehe. Ona dunia: waliomkataza kuimaliza ndio hao hao wanamwita aikatekate.

Alikubali. Mwenyewe alisema ni heri ikatwe na mtu anayeijua. Mimi niliyesikia alivyonoa patasi zake jana yake nasema alikuwa na hasira.

Alikwenda na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mnene aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Mkewe aliwasindikiza mlangoni.

"Baba watoto, kwenu umebaki wewe. Kwetu amebaki huyu. Umrudishe."

"Ehe?"

"Umrudishe!"

"Dada, huyu hasikii hata honi," Redio akasema. "Mimi ndiye nitakayemrudisha."

Uani kazi ilikwenda vizuri. Walikata mkia, wakakata pua, na Redio hakufunga mdomo.

"Shemeji, hii ndiyo ndege mliyojengea jina? Mbona ina sura ya jiko la mkaa lililokaliwa?"

"Kata, acha mdomo."

"Nakata. Ila adui angeiona hii angekufa kwa kicheko, tungeshinda mapema."

Ikafika saa ya chai. Lilikuwa limebaki lile bawa ambalo halikumalizwa, limelazwa juu ya magogo, mdomo wazi. Ndani yake kulikuwa na nyaya za shaba, na shaba si kitu cha kuachiwa tanuri la kuyeyushia vyuma. Fundi Ehe akasimama mbele ya tundu lile akasita. Lakini magoti yake hayakuwa ya kutambaa tena, na msimamizi wa mnunuzi alikwishawaita watu wa kreni.

"Chai yangu isipoe," Redio akasema, akaingia kichwa kwanza. Visigino vyake vikamalizikia gizani.

Fundi Ehe akaweka kiganja juu ya bati. Mtu asiyesikia husikia hivyo. Akamsikia shemeji yake akijiburuta, akihema, akivuta waya. Kisha kukatulia.

Kisha likagongwa mara moja.

Sawa.

Akatabasamu, mazoea tu. Tabasamu halijafika mwisho likakauka. Redio hakuwahi kufundishwa kugonga. Hakuna aliyemfundisha.

Likagongwa tena. Mara mbili. Rudia. Na pigo halikutokea karibu. Lilitokea kule mwisho, penye ncha ya bawa, pembamba kiasi kwamba tumbo la Redio lisingepita hata kwa kusukumwa na trekta.

Hapo hapo, karibu na mkono wake, vikaanza vishindo vingine. Ovyo. Bila mpango. Viganja vya mtu aliyechanganyikiwa.

Walikuwa wawili.

Akaingiza kichwa tunduni, sikio lake lililo bora mbele.

"Shemeji!"

Bati lile refu lilileta mnong'ono kama bomba.

"Shemeji, kuna mtu huku."

"Toka!"

"Amenishika mkono. Ananipa chuma nikishike."

"Kiachie utoke!"

"Hanipishi." Redio alikuwa analia kimya kimya. "Anasema hajagongewa."

Fundi Ehe aliijua sheria kuliko jina lake. Angeweza kuingiza mkono amvute shemeji yake kwa mguu. Angeweza kuita watu, wakapasua bati kwa msumeno. Msimamizi alikuwa palepale kwenye lori. Lakini nyundo ilikuwa karibu zaidi, na mkono wake ulikuwa na kiu ya miaka mingi.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Bawa zima likanyamaza.

Kikatoka kisigino. Kikatoka cha pili. Likatoka tumbo, shati, shingo. Redio mzima, hana hata mchubuko. Akajikunja kivulini, mgongo umepinda, akiyafinya macho mbele ya jua kama mgeni wake. Fundi Ehe akampa chai. Hakuipokea. Alikuwa anatazama mkia uliokatwa, pua iliyokatwa, mabati yaliyorundikwa. Machozi yakamtiririka.

"Kaka," akanong'ona. "Iliruka?"

Redio hakuwahi kumwita kaka. Hata siku moja.

Fundi Ehe akarudisha kiganja kwenye bati. Ndani bado palikuwa na mtu. Anapiga. Anapiga kwa nguvu zote, ovyo, bila mpango.

Minyororo ya kreni ikakaza. Bawa likainuka.

"Teremsheni! Kuna mtu ndani!"

Msimamizi akamtazama, akamtazama yule aliyeketi kivulini.

"Mmekuja wawili, mko wawili. Jua limekupiga, mzee. Nenda kanywe maji."

"Nakuambia nimemsikia!"

"Wewe? Umesikia?" Watu wa kreni wakacheka. Lori likaondoka. Mzee wa watu alilikimbilia mpaka getini, akibwaga viatu, na mlinzi wa leo, kama wa zamani, alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyumbani mkewe alipakua chakula. Mgeni wao akala taratibu, polepole, mkono wa kushoto ukipeleka tonge, wa kulia ameukaza ukutani. Mama yule akaweka mwiko chini. Alimtazama usoni, akamtazama kifuani, akamtazama mkono. Kisha akamsogelea mumewe. Mwanamke huyu siku zote humpigia kelele mpaka sisi majirani tunajua kuna mboga gani. Siku ile alinong'ona, na mumewe akasikia kila neno.

"Huyu uliyeniletea ni wa kwenu. Wa kwetu yuko wapi?"

Mumewe akainamia sahani.

"Ulipogonga, ulikuwa unamgongea nani?"

Fundi Ehe akafungua mdomo aseme "ehe?" kama kawaida yake. Akaufunga. Mpaka leo hajamjibu, na mama yule hajauliza mara ya pili. Wanaishi hivyo hivyo. Anampikia, anamfulia, hamwiti tena baba watoto. Yule aliyetoka bawani anazidi kunenepa kidogo kidogo. Jioni hukaa kizingitini akiangalia ndege za watu zikipita juu, na akipitiwa na usingizi anatabasamu.

Kisha dereva wa lori akarudi. Alikuja asubuhi, hana raha, amebeba kipande cha bati kimefungwa kwenye gunia. Alisema bawa zima liliyeyuka isipokuwa hicho. Walikitia tanurini likakitema, wakakitia tena, na vijana wa tanuri wakakataa kukigusa. Akakiweka mlangoni akaondoka bila kusubiri ahsante.

Viganja viwili vilikuwa vimesukuma bati lile kutoka ndani, vikazama kama kwenye unga uliokandwa, hadi mistari ya vidole ikaonekana. Mama yule akapachika viganja vyake humo. Alikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, mpaka kivuli cha mlango kikahama, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Ameliegemeza chumba cha nyuma, kwenye ukuta ule ule tunaochangia. Mimi si mtu wa kuogopa bati, nilikwenda mwenyewe kuligusa, asubuhi ya manyunyu, baridi inauma meno. Lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua. Lilikuwa joto la upande wa kitanda ambao mtu ametoka kuinuka sasa hivi.

Nikaondoa mkono, nikaufuta kwenye suruali. Ulikuwa umelowa jasho, na halikuwa langu.