Fundi wa Kuchelewa

Musoma nzima, kutoka Kigera mpaka Nyakato, hapakuwa na fundi mwashi aliyemaliza kazi siku aliyoahidi isipokuwa Masatu Bernado. Kijana wa Majita, kidato cha nne kakimaliza, sura ya kuvutia, mabega ya kuaminika, na ahadi yake ilikuwa zege: ikishakauka haipindiki.

Ndiyo maana asubuhi moja ya mwaka themanini na nane alionekana akitimua mbio katikati ya soko, akiruka mafungu ya dagaa, huku mama mmoja wa Kigera aitwaye Helena akimfukuza na mwiko wa ugali mkononi.

"Simama, mwizi wa siku za watu! Jiko ulisema wiki mbili! Tangu Krismasi napikiaga nje, kuku wananionjea mchuzi!"

"Naja kesho, mama!"

"Kesho yako imeshaota mvi!"

Masatu akachepuka kwenye kibanda cha vitambaa, akajibanza nyuma ya kitenge kilichoning'inizwa. Bahati mbaya kitenge hakikuwa kimening'inizwa. Kilikuwa kimevaliwa.

"Kaka, ukimaliza kujifunika gauni langu utaniambia."

Akainua uso. Gauni lilikuwa la njano lenye maua ya buluu, mikono imevimba mabegani, kiuno kimebanwa na mtu anayejua cherehani. Nywele zilisukwa twende kilioni, lakini uso ulikuwa wa twende harusini. Helena alipofika akihema, yule dada akanyoosha kidole upande wa ziwa bila kupepesa: "Amekimbilia mwaloni, mama. Wahi kabla hajapanda mtumbwi." Mwiko ukaondoka na mwenyewe.

"Jiko la watu tangu Krismasi, kweli?" akauliza.

"Dada, unajua saruji..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Na umewahi kumaliza kazi yoyote kwa wakati?"

Masatu akatazama viatu vyake. "Hapana."

Dada akatabasamu mpaka mwanya ukaonekana. "Basi wewe ndiye ninayemtafuta. Naitwa Nyangi. Nina nyumba Nyakato, nataka fundi wa kuchelewa."

Nyumba yenyewe aliijenga marehemu baba yake, mwalimu Matiko. Mabati yalikuwa yamepata kutu, kuta hazina lipu, sakafu ina mabonde, lakini chumba cha mbele chenye cherehani ndicho kilichomlisha Nyangi na kumtibu baba mpaka siku ya mwisho. Baada ya msiba ukoo ulikaa Butiama. Wengi wakasema Nyangi aichukue. Baba yake mdogo, mzee Magige, akasimama: nyumba hii ikipigwa lipu, ikawekwa dari, varanda na madirisha ya vioo, itauzwa mara tatu ya ilivyo, kila mtu apate fungu lake. Wazee wakagawanyika. Mwisho wakamwambia Magige: tengeneza, tafuta mnunuzi mpaka Pasaka. Asipopatikana, nyumba ni ya Nyangi, na mtu asifungue mdomo tena.

"Akanituma nimtafutie fundi mwepesi," Nyangi akamaliza kueleza.

"Ukanileta mimi."

"Nikakuleta wewe, mpenzi."

Mwiko wa lipu ukamponyoka Masatu. Alisema ulikuwa na mafuta.

Kuchelewa hakukuwa rahisi kama mwanzo. Miaka ya kununua saruji kwa kibali, fundi alikuwa na kisingizio kilichotolewa na serikali yenyewe: saruji hakuna. Sasa biashara imefunguliwa, saruji imepangwa madukani mpaka nje, misumari ipo, rangi zipo. Fundi mvivu alibaki uchi. Ikabidi Masatu atumie elimu yake. Mara ukuta unapumzika. Mara mchanga wa ziwani una chumvi, ingawa ziwa lenyewe watu wanalinywa. Asubuhi alipiga lipu hatua mbili, jioni aliikwangua hatua moja na nusu, huku Nyangi akishona dirishani na kumchokoza.

"Fundi, leo umekimbia. Naona tofali zima limefunikwa."

"Nisamehe, mrembo. Mkono uliteleza."

"Nikiipata nyumba hii, nitaandika jina langu juu ya mlango, kubwa, wanaonisema walisome mpaka wapate kizunguzungu."

"Na langu?"

"Lako chini, kwenye kizingiti. Nikukanyage kila nikitoka."

"Kanyaga. Ila uvue viatu."

Walikula sato wa kuchemsha kwenye sahani moja, na mtaa ukaanza kuhesabu mifupa.

Wiki ya Matawi Nyangi alikwenda Butiama kumwangalia shangazi mgonjwa. Jumatatu simu ikalia dukani kwa Eliasi, simu pekee ya mtaa ule. Masatu akaitwa.

"Bunda, ongea!" sauti ya kike ya mhudumu wa simu ikaamuru, kisha mzee Magige akanguruma kutoka huko. Mzee huyu kila "l" aliyopewa aliigeuza "r", na Masatu alikuwa amemchekaga kwa hilo tangu siku ya kwanza.

"Fundi! Hiyo ripu imefika wapi?"

"Inaendelea, mzee," Masatu akajibu akiuma mdomo.

"Harakisha! Kuna bwana hapa Bunda, Nyamhanga, mwenye ng'ombe wengi. Mahari amekubari. Jumamosi Kuu anakuja na mke wake mkubwa kumariza mambo."

Kicheko kikafa. "Mahari?"

"Mahari, ndiyo! Ameipenda, hana ubishi."

"Na Nyangi?"

"Jana nimeongea naye Butiama. Amesharainika. Wewe ziba nyufa, paka rangi!" Simu ikakatika.

Masatu alitoka dukani akitembea kama mtu aliyepigwa na ubao. Kumbe shangazi mgonjwa ni huyo! Mke mkubwa tena! Basi kama anaolewa, nyumba ya nini? Acha aone kazi.

Akafanya kazi. Siku tatu hakula samaki, sato wala furu. Lipu ikapanda, dari ikafungwa, varanda ikasimama na nguzo mbili, vioo vikaingia, rangi ya maziwa ikang'aa mpaka watoto wakajiangalia ukutani. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa kutoka msingi mpaka juu. Alijua unataka kubomolewa na kujengwa upya. Aliufunika. Mzee kasema ziba, basi kazibiwa.

Alhamisi Nyangi akarudi, kikapu kichwani. Akasimama nje. Kikapu akakishusha polepole.

"Umemaliza."

"Kama wakubwa wanavyotaka."

"Masatu, umemaliza!" Machozi yakamtoka. "Maisha yako yote, kazi ya kwanza kuimaliza ndiyo hii?"

"Unalia nini? Mwenye ng'ombe anakuja Jumamosi. Hongera."

"Kumbe unajua anakuja! Ukanyamaza! Baba mdogo amekupa nini?"

"Mimi nimepewa? Aliyepewa si wewe?"

"Toka kwenye nyumba yangu!"

"Yako au ya mumeo?"

Hilo la mwisho Nyangi hakulisikia, alikuwa anaitafuta ndoo. Maji ya kuoshea miiko yakampata Masatu mgongoni, yote.

Jumamosi Kuu alirudi, shati limepigwa pasi, kwa sababu moja tu: kumwona huyo bwana harusi. Jeska, jirani na shoga wa Nyangi, alikuwa dirishani kwake akimenya mihogo, na hakuwa na nia ya kuacha lolote limpite. Pikapu ikasimama. Akashuka mzee Nyamhanga mwenye kofia pana, mkewe, na Magige ndani ya koti. Nyangi alisimama mlangoni na gauni lake la njano, mikono kifuani.

"Mzee Magige," Masatu akaita, "ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa mahari."

"Mahari si ndiyo hii!" Magige akaichapa ardhi kwa fimbo. "Unaikanyaga! Kiwanja, nyumba, mahari yote!"

Kisha sufuria ya mihogo ikaanguka. "Mahali!" Jeska akapiga kelele akicheka mpaka kukohoa. "Masatu, anasema mahali!"

Mtu aliyecheka "ripu" mwezi mzima, neno moja lilimpita kwa sababu liligusa moyo badala ya sikio.

"Ulidhani naolewa?" Nyangi akauliza taratibu.

"Nilidhani."

"Ukanipigia lipu kwa wivu?"

"Na varanda."

Nyangi akaziba mdomo kwa kiganja. Haikujulikana ni kicheko au kilio. Lakini mzee Nyamhanga alikuwa tayari anapapasa nguzo. "Kazi safi. Naichukua leo leo."

Masatu akaokota nyundo. "Mzee, kabla hujaichukua, njoo nyuma."

"Fundi!" Magige akafoka.

Masatu akagonga ukuta. Ukaitika kama debe tupu. Akagonga tena kwa nguvu. Lipu yake nzuri ikamwagika miguuni, na ufa ukatokea, mkono unapita.

"Huu ukuta haujapona, umevalishwa tu. Niliambiwa nifunike, nikafunika. Nimekosa. Bomoa na ujenge upya, au baada ya masika mawili utakufuata kitandani."

"Mshenzi! Utakura wapi Musoma hii? Fundi gani anabomoa kazi yake mwenyewe?"

"Huyu hapa."

Mke wa Nyamhanga alikuwa ameshapanda pikapu. "Baba Mseti, twende zetu."

Vumbi lilipotulia Nyangi akashuka varanda. "Baba mdogo, kesho ni Pasaka. Una mteja mwingine mfukoni?"

"Ukoo utakusikia!"

"Ukoo ulishasema, nawe ulikuwepo. Karibu chai siku yoyote. Ila bisha hodi, hapa ni kwangu."

Mzee akaondoka kwa miguu. Ndipo Masatu, bila kutetereka, akapiga goti varandani, akaushika mkono wa Nyangi, akasema kwa sauti nzito: "Ewe nuru ya Nyakato, niruhusu mimi..."

"Goti gani?"

Nilikuwa namsomea Jeska hadithi hii kwa sauti. Jeska akaweka kisu chini.

"Nilikuwa dirishani, futa hapo. Nyangi ndiye aliyesema. Alisema: 'Kwetu mwanamke ndiye anayehama. Mimi sihami. Ukinitaka, leta sanduku lako hapa, na huo ukuta uujenge upya.' Na fundi akajibu nini?"

"Alijibu kishujaa."

"Alilia. Alikaa juu ya ndoo akalia mpaka nikamletea kanga yangu."

"Chokaa ilimwingia machoni."

"Chokaa gani, na ukuta ulikuwa saruji tupu?" Jeska akaniinamia, akinichungulia usoni. "Tena hata sasa yanachuruzika, shemeji Masatu. Nikuletee kanga?"