Ukucha wa Sonara

Sonara alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpelekea pete, kabla hajaitikia salamu ameshaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Hata vijiko vya mama mkwe alivipima. "Bati," akasema, na mama mkwe hajamsamehe mpaka leo.

Asubuhi moja mkewe alikuwa anaosha vyombo. Ghafla akakaa chini, mkono kifuani.

"Baba watoto, kifua kinanibana. Kama nimekaliwa na mtu."

Chai ikaachwa mezani. Mbio mpaka kituo cha afya.

Mpimaji, dada mwenye miwani, alimtoboa mgonjwa kidole. Akaweka tone la damu kwenye kipande cha kioo chenye kung'aa, akatia dawa. "Tusubiri dakika kumi," akasema, akampeleka mgonjwa chumba cha pili, kitandani, kumpima presha.

Sonara akabaki na kile kioo. Akakikodolea macho. Fedha! Damu na fedha wapi na wapi? "Hapa tunapigwa changa la macho," akanong'ona. Akakwaruza. Fedha ikabanduka, na damu juu yake.

"Baba! Umefanya nini?" Mpimaji alikuwa mlangoni.

"Mimi ni sonara. Fedha gani hii, haihimili hata ukucha?"

"Haikutengenezwa ivaliwe, baba."

Mkewe akasema kwa taabu kutoka kitandani: "Huyo hata nikifa atanikwaruza kwanza, aone kama nimekufa kweli."

Kidole kikatobolewa tena, damu ikawekwa kwenye kioo kingine cha fedha.

"Moyo ukiumia," mpimaji akaeleza, "unamwaga protini fulani kwenye damu. Mwanzoni ni kidogo mno. Dawa yetu ina rangi inayoishika ile protini. Tukiimulika kwa taa hii, rangi inawaka, ila kwa unyonge. Ikiwa karibu na fedha, inawaka zaidi."

"Si mwibandike kwenye fedha kabisa?"

"Ikigusana na fedha, mwanga unafifia. Ikiwa mbali, fedha haisaidii. Ndiyo maana juu ya fedha kuna utando mwembamba sana, wa kuzitenganisha kidogo."

Sonara akakumbuka moto wake wa kulehemu mikufu. Ukiusogeza mno, umeunguza. Ukiuweka mbali, unapoteza gesi bure. Lakini bado alishuku.

"Weka na kioo kisicho na fedha, nione."

Mpimaji akaweka, nacho akakitia damu na dawa. Sonara akasubiri, mikono mgongoni kama mtuhumiwa. Taa ikawashwa. Kioo kisicho na fedha hakikuonyesha kitu. Cha fedha kilikuwa na doa jekundu, linawaka.

"Hilo ni nini?" Sonara akauliza.

"Moyo umeumia. Ila tumewahi."

Gari la wagonjwa likampeleka mkewe hospitali saa ile ile.

Wiki tatu baadaye, mama watoto alisimama dukani, amepona, na hereni mkononi ya kupimwa. Sonara alikuwa anamfokea mteja: "Kifua kinakubana tangu jana na bado upo hapa? Nenda ukapimwe!"

Mkewe akamshika mkono. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umekatwa.

"Umeukata lini?"

"Siku ile," akasema Sonara. "Pale nje ya wodi, nikikusubiri."