Fimbo ya Kupimia Tope

Mtaa ule ulikuwa msafi kuliko mitaa yote ya mji. Karatasi haikuanguka chini ikalala hapo mpaka jioni. Haya, basi, zilikuwepo mbili tatu. Na maganda. Na kiatu kimoja cha kushoto ambacho hakuna aliyemjua mwenyewe. Tuseme tu kwamba mtaa ule ulikuwa msafi ukiutazama kwa mbali, asubuhi na mapema, huku umebana pua.

Hapo ndipo alipoishi msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Chiriku. Wazazi wake walimpa jina jingine zuri tu, lakini mwalimu wake wa darasa la kwanza alimsikiliza nusu saa, akamwita Chiriku, na jina likaganda. Mtoto huyo alizungumza akila, akazungumza akioga, na mama yake alisema hata usingizini hakuacha watu wapumzike.

Jumamosi hiyo Chiriku aliamka bila kuitwa. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Hakuwa nayo. Alifagia uwanja, akaosha vyombo, akajaza pipa maji, na kati ya kazi moja na nyingine aliingiza kichwa ndani ya ndoo tupu.

"Ndugu wananchi!" aliiambia ndoo, nayo ikanguruma vizuri kabisa.

"Ndugu wananchi waliomo ndooni wamekusikia," alisema bibi yake kutoka kwenye kigoda. "Sasa toka, nataka kunawia."

"Bibi, leo nitashika kipaza sauti! Kile chenyewe, cha Mheshimiwa!"

"Kipaza sauti cha nini, na wewe mwenyewe unasikika mpaka sokoni?"

Bibi alikuwa ameegemea mto wake mpya wa buluu. Mto wa zamani, wa manjano, ulikuwa na mabonge kama gunia la viazi, na pembeni ulikuwa na kiraka chekundu alichokishona Chiriku mwenyewe alipokuwa akijifunza sindano. Alikusudia samaki, kikatokea kitu kama kiatu chenye macho. Mama alikuwa amekataa katakata kushona mto mwingine maadamu ule bado ulikuwa na uhai. Kisha wiki tatu zilizopita ukaibwa kwenye kamba ya nguo, na Bibi akalia kwa sauti kiasi kwamba Mama alishona mpya siku hiyo hiyo. Mpaka leo, kila aliyepita alisimuliwa habari za mwizi wa mto, na muuza mkaa wa jirani alikuwa ameanza kuudhika kwa jinsi Bibi alivyomkazia macho kila alipofika kwenye sehemu ya "watu wasio na haya."

Sasa, kile kipaza sauti kilikuwa cha diwani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, diwani alikuja mtaani kutoa taarifa na kusikiliza malalamiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, ambaye hakuvua mabuti yake ya mpira hata jua likiwaka, hivyo watu walimwita Mheshimiwa Buti. Yeye hakuikagua mitaro ya maji machafu kwa kuichungulia kutoka garini. Alimwomba seremala achonge fimbo tano, akazichora kila moja mistari kumi myekundu, akachagua wanafunzi watano, akawaita Macho ya Mtaa.

Kazi yao ilikuwa rahisi. Unasimama mbele ya kila nyumba, unachovya fimbo mtaroni mpaka igote chini, unaitoa, unatazama tope limefika mstari wa ngapi, unaandika daftarini. Mstari wa pili, mtaro mzima. Mstari wa tisa, mtaro umeziba. Gari la kunyonya tope lilikuja siku moja tu kabla ya mvua, na lilikwenda kule fimbo ilikosema.

Chiriku alipewa barabara ya mbele na uchochoro wa nyuma. Alhamisi baada ya shule alipima barabara ya mbele nyumba kwa nyumba, kwa mbwembwe zote. Alipofika kwenye mdomo wa uchochoro, akasimama. Harufu ilikuwa imetoka nje kumpokea. Chini palikuwa na utelezi mweusi, na miguuni alikuwa na viatu vilivyotoka kwa fundi siku hiyo hiyo, vina soli mpya na vinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno.

"Mtaro ni mtaro," alijiambia. Akakaa kwenye benchi la seremala, akaandika: mbili, mbili, mbili, mara nane, nyumba zote nane za uchochoroni. Hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Saa nne asubuhi ya Jumamosi hiyo, uwanja wa karakana ya seremala ulikuwa umejaa. Watu walikaa kwenye mbao, kwenye ndoo zilizogeuzwa, wengine juu ya meza isiyo na miguu. Gari la kunyonya tope lilikuwa limeegeshwa kando, kubwa, la kijani, na watoto walikuwa wamelizunguka wakiugusa mpira wake wa kunyonyea kama wanamgusa tembo. Mbali kidogo, mawingu yalikuwa yakijikusanya.

"Taarifa ya kwanza," alisema Mheshimiwa Buti. "Taa saba za barabarani zilikuwa zimekufa. Tano zimefufuka. Mbili fundi ameahidi Jumanne."

"Jumanne ya mwaka gani?" aliuliza muuza mkaa.

"Ya wiki ijayo, dada yangu. Ikipita, Jumatano utanikuta nimesimama hapo mwenyewe na tochi."

Watu wakacheka. Taarifa ya pili, bomba la karibu na shule limezibwa, halivuji tena. Taarifa ya tatu ilifanya watoto waruke: chumba cha kusomea kinafunguliwa wiki ijayo. Seremala ametengeneza rafu, walimu wamekusanya vitabu mia mbili, na mtoto yeyote anaweza kuingia ili mradi amenawa mikono.

"Na sasa mitaro. Macho ya Mtaa, njooni!"

Wanafunzi wanne walisoma namba zao wakinong'ona kama wanaungama. Kisha Chiriku akapokea kipaza sauti. Moyo ulikuwa ukimpiga kwa furaha.

"Ndugu wananchi!" Sauti yake iligonga paa la bati na kurudi. Watu wakapiga makofi kabla hajasema lolote. "Barabara ya mbele: tano, sita, tano, nne, sita! Uchochoro wa nyuma: mbili, mbili, mbili, mbili..."

Alipofika mbili ya nane, mzee mmoja aliinuka kwa kuegemea mkongojo. Alikuwa Babu Soli, fundi viatu, ambaye alifanya kazi na kulala katika chumba cha mwisho uchochoroni, mahali maji yote ya mtaa yanapotelemkia.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Mvua iliyopita maji yaliingia kwangu mpaka kwenye kitanda. Viatu vya watu vilikuwa vikielea kama bata. Leo nina jozi thelathini mle ndani, nyingi za wanafunzi. Nilidhani mtaro umeziba." Kisha akamtazama Chiriku, akatabasamu. "Lakini mjukuu wangu amepima. Kama fimbo imesema mbili, basi ni macho yangu yamechoka. Mtoto huyu namwamini. Juzi tu nilimwekea soli mpya, akanishukuru mara nne."

Akaketi. Chiriku akatazama viatu vyake. Viling'aa sana.

"Basi gari lianze barabara ya mbele," alisema Mheshimiwa Buti, "na likimaliza hapo liende mtaa wa pili. Dereva!"

Injini ikanguruma. Radi nayo ikanguruma, kama inamjibu. Chiriku alikuwa bado amekikumbatia kipaza sauti. Alimwona Babu Soli akianza kujikokota kurudi kwake, polepole, mkongojo na mguu, mkongojo na mguu. Gari likasogea.

"Simameni!"

Kipaza sauti kilipiga kelele hata ndege wakaruka kutoka kwenye paa. Dereva akakanyaga breki.

"Sikupima!" alisema Chiriku. "Uchochoro wa nyuma sikuingia hata hatua moja. Niliogopa viatu vyangu vitachafuka. Nilikaa pale, kwenye lile benchi, nikaandika mbili tupu. Babu Soli, macho yako hayajachoka. Ni mimi."

Akiwa bado ameshika kipaza sauti, kila kwikwi yake ilisikika mtaa mzima. Mama yake alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikipinda. Nyuma, mtu mmoja akasema, "Kumbe!" na mwingine akasema, "Mbili nane mfululizo, tulipaswa kujua."

Mheshimiwa Buti hakumfokea. Alichukua kipaza sauti, akampa fimbo. "Twende," alisema. "Sasa hivi. Wote tunatazama."

Umati mzima ukamfuata. Kwenye mdomo wa uchochoro Chiriku alivua viatu vyake, akamkabidhi mama, akaingia pekupeku. Nyumba ya kwanza, fimbo ikasema sita. "Sita!" akaita. Ya tatu, saba. "Saba!" watoto wakaitikia, kwani sasa ilikuwa kama goli. Kwa Babu Soli fimbo ilizama, ikazama, na alipoitoa ilikuwa nyeusi mpaka mstari wa tisa, na mkono wake mpaka kiwiko.

"Tisaaa!" mtaa mzima ulipiga kelele.

"Dereva, rudisha gari nyuma!" aliamuru Mheshimiwa Buti.

Hapo ndipo mambo yalipochangamka. Gari halikuenea uchochoroni, basi vijana walibeba mpira wake mabegani kama nyoka aliyeshiba. Seremala alileta majembe. Muuza mkaa, ambaye alizoea kuchafuka, aliingia mtaroni kabla ya wanaume na kuwauliza wanasubiri mwaliko gani. Chiriku alichota tope kwa ile ndoo yake ya hotuba. Mashine ilinyonya kwa mlio wa kuchekesha, na kila nyumba iliyomalizika watu walishangilia.

Ikabaki hatua chache tu, chini ya kalavati mbele ya mlango wa Babu Soli. Mashine ilivuta, ikakohoa, ikakataa. Kulikuwa na kitu kimenasa. Mfanyakazi mmoja wa gari alilala kifudifudi, akaingiza mkono, akaanza kupapasa. Tone la kwanza la mvua likadondoka.

Wakati wakisubiri, Mheshimiwa Buti aliinama mbele ya Chiriku.

"Unajua nilichora mistari ile kwa nini?" aliuliza. "Kwa sababu siwezi kuwa na macho kila mahali. Nikikupa fimbo, nimekupa macho yangu. Ukiandika usichokiona, umenipofusha mimi, na nikiwa kipofu, gari linakwenda pasipohitajika na mzee analala majini. Kosa lako lilikuwa kubwa. Lakini umelisema kabla ya mvua, mbele ya watu, wakati ungeweza kunyamaza. Hilo ndilo linaokoa jozi thelathini za viatu. Mwezi ujao utapima tena. Pekupeku."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Chiriku.

"Umesikia hayo?" Bibi alikuwa amejipenyeza mpaka mbele, mto wake mpya wa buluu kwapani, kwani sasa alitembea nao popote usije nao ukaibwa. "Sikia vizuri, mjukuu wangu. Mwongo hana raha. Nitazame mimi. Tangu nizaliwe ulimi wangu haujapinda hata mara moja. Na usafi je? Mimi sijatupa mtaroni hata ganda la kitunguu! Watu wangekuwa kama mimi, mashine hii ingekosa kazi, huyu dereva angekuwa anauza..."

"Nimekipata!" alipiga kelele mfanyakazi.

Akavuta. Kikatoka kwa mlio mkubwa wa kufyonza, na maji yote yaliyokuwa yamesimama nyuma yake yakaondoka mbio, yakipita mlango wa Babu Soli bila kuingia. Mtaa ukalipuka kwa shangwe. Babu Soli alirusha mkongojo wake hewani na ikabidi watu wawili wamdake.

Mfanyakazi akainua kitu chenyewe juu, kikichuruzika. Kilikuwa kikubwa, kimefura, kina mabonge. Akakimwagia ndoo ya maji. Chini ya tope, kilikuwa cha manjano. Pembeni kilikuwa na kiraka chekundu, kama kiatu chenye macho.

Kelele zikapungua moja moja.

"Huu mto ni wa nani?" aliuliza Mheshimiwa Buti.

Mama alimtazama Bibi. Muuza mkaa alimtazama Bibi, taratibu, mikono kiunoni, kama mtu aliyeusubiri mlo huo wiki tatu nzima.

"Mnanitazama nini?" alisema Bibi. "Mito ya manjano iko mingi duniani! Huo si wangu hata kidogo. Unawezaje kuwa wangu umekutwa huku chini, na wangu niliutupa kule juu kabisa, kwenye kona ya seremala?"

Mvua ikaanza kunyesha sawasawa. Hakuna aliyekimbilia ndani.

Chiriku alijifuta mkono kwenye sketi, akakiomba kipaza sauti kwa Mheshimiwa Buti, akamsogelea bibi yake kwa heshima zote, akamnyooshea.

"Bibi," alisema, "utawaambia ndugu wananchi mwenyewe, au nikusomee?"