Mashine ya Kupima Mafuta na Nyumba ya Matheka

Wenzangu wa mtaa wa Umoja, nyumba ya Matheka karani mliijua. Jioni ungesikia vicheko vyao hadi nje: muthokoi wa mahindi na maharagwe ukitokota, Nzilani akimnyonyesha mtoto wao Muindi, Matheka akisoma gazeti kwa sauti.

Ndipo likafunguliwa duka la afya kule Buruburu, lenye mashine ya kupima mafuta mwilini. Unashika vyuma viwili, umeme mdogo usiousikia unakupitia, namba inatokea. Matheka alikuwa amemzika mamake kwa ugonjwa wa moyo, hivyo alimpeleka mkewe kwa hofu na mapenzi. Namba ikatoka kubwa.

"Mama, mafuta yamezidi," muuzaji akasema. "Rudi kila Jumamosi."

Tangu hapo Nzilani akawa mfungwa nyumbani mwake. Matheka alifungia unga na sukari kabatini. Na kwa kuwa kanisani kwao walizoea kufunga Ijumaa bila chakula wala maji, akaugeuza mfungo huo dawa: Nzilani asionje hata tone mpaka apimwe.

Ajabu ni kwamba kila alivyokonda, namba ilipanda.

"Unakula kwa majirani," Matheka akamshutumu.

"Nakula nini, Baba Muindi? Sketi inanidondoka!"

"Mashine idanganye kwa faida gani?"

Maskini, angejiteteaje? Akila ana hatia, akifunga namba inamshtaki. Maziwa yakapungua, Muindi akawa analia kutwa. Jirani yao Jecinta akaja mlangoni. "Baba Muindi, hiyo mashine yako inanyonyesha?" Matheka akamfungia mlango. Jamani, hapa hasira hunipanda, maana macho alikuwa nayo!

Ijumaa moja Nzilani akaanguka akianika nguo. Jecinta akamkimbiza kliniki, wakamtundikia maji ya dripu hadi asubuhi. Mtaniamini? Alipotoka tu, Matheka alimpitisha kwa mashine, mtoto mgongoni. Namba ilikuwa imeshuka sana.

"Hongera, mafuta yameyeyuka," muuzaji akasema.

"Tangu Jumamosi iliyopita?" Matheka akashangaa. "Kilichobadilika ni jana tu, alipolala kliniki. Ameongezewa maji."

Muuzaji akakohoa. "Mashine husoma maji ya mwili, mzee. Mafuta inayakisia. Mwili ukikauka, inaona mafuta mengi."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Matheka akamgeukia mkewe, machozi yakimlenga. "Nisamehe. Twende nyumbani ule."

Nzilani alimshusha Muindi, akampa ziwa palepale. Mtoto akanyonya, akaliachia, akalia.

"Mimi nitakula," Nzilani akasema. "Huyu je?"

Maziwa hayakurudi tena.

FUNZO

Ndugu zangu, kipimo cha mashine ni makisio, si hukumu. Kikipingana na mtu unayemwona akikonda mbele yako, msikilize mtu huyo kwanza, kisha mpeleke kwa daktari. Matheka alimpenda mkewe kweli, lakini aliiamini namba kuliko alivyomwamini yeye, na mtoto ndiye aliyelipa.