Kilichomfuata Bashiru kutoka Mikokoni

Jioni ile nilitoka kurudisha kitabu tu. Na kumsema kidogo mwenye kitabu, sifichi.

Bashiru mwandishi ni jirani yangu hapa Mtawanya. Watoto walimpenda kwa hadithi zake za safari: mara mtoto kapanda mgongo wa kiboko, mara kavuka mto ndani ya pipa. Mjukuu wangu Muzdalifa alikuwa akinisomea, tunacheka mpaka uji unamwagika. Kisha Bashiru akaenda Kiongoroni kutafuta visa kwa wakata mikoko. Aliporudi, vitabu vikabadilika. Watoto wanaitwa gizani, wanakwenda, hawarudi. Muzdalifa akawa halali usiku. Mtaani tukasema jamaa kaishiwa, au mkewe wa mjini kamfanyia mambo.

Nikamkuta anaandika, madirisha kafunga. Chumba kinanuka matope ya mikokoni. Huku kwetu, mbali na maji yote yale...

Nikamwambia aache. Arudie viboko vyake.

Akanong'ona, "Bi Mwanawetu, wakata mikoko wakiitwa wakati wa magharibi wanafanyaje?"

Nani asiyejua? Huitiki. Unagonga shoka kwenye mti. Aliyekuita akiwa mtu, naye atagonga.

"Mimi niliitika naam."

Domo hilo, nikamwambia.

Akasema kilichomwita kilimfuata mpaka kitandani. Kinamsimulia. Akikiandikia, kinatulia naye. Akiacha, kitatafuta mtoto wa kumsimulia.

Nikacheka. Nikampokonya kalamu, nikaichomeka kwenye pindo la khanga.



Pazia la mlango likapepea kuelekea nje. Upepo haukuwapo. Ile harufu ikaisha chumbani.

Bashiru akanitazama. "Muzdalifa yuko na nani?"

Nilikimbia na miguu yangu hii mibovu. Mtoto alikuwa mkekani peke yake, taa hajawasha. Kainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa. Anatabasamu. Kando yake mkeka umelowa matope.

Nikamwita. Hakugeuka.

"Ngoja, bibi," akasema taratibu. "Ndiyo kwanza mtoto anaingia majini."

Nikambeba. Wa baridi kama samaki. Kwa Bashiru nikamrudishia kalamu yake, nikamwambia andika, mwanangu, andika lolote.

Akaandika. Mkono ukasimama. Akasikiliza, machozi yakamtoka.

"Kinasema kimeshaonja kusikilizwa na mtoto. Huyu kitamwacha... ila kitajiwe jina la mtoto mwingine."

Mikononi mwangu Muzdalifa akaanza kukohoa maji. Maji ya chumvi.

Umbeya wangu unajulikana. Hakuna mtoto wa mtaa huu nisiyemjua jina, na la baba yake, na la yule wanayemdhania ndiye baba yake. Nje, watoto wa jirani Salima walikuwa wanaswaga bata bandani, wanacheka.

Bashiru alinisogezea sikio.

Muzdalifa sasa analala vizuri, anakula. Kwa Salima sijakanyaga tena, na watu wameshaanza kuuliza kwa nini.