Orodha Isiyo ya Safari

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2014. Mvua ilinyesha katika kambi ya wakimbizi ya Kashojwa tangu alfajiri, kisha ikakatika na jua likatoka. Watu walishika majembe. Ilikuwa siku ya kupanda maharage.

Perpétue alimaliza kusali, akapanga karatasi zake mezani. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya jamii. Hiyo ni elimu ya kujua huzuni inavyokaa kati ya watu, na namna wanavyosaidiana kuibeba. Kila Alhamisi alikwenda chuoni mjini Mbarara, akasoma jioni mbili, akarudi Jumamosi.

Mwezi uliopita aliwauliza wajane arobaini kuhusu usingizi na majonzi. Aliandika jina la kila mmoja na majibu yake. Kazi hiyo ilitakiwa chuoni mwisho wa Mei.

Anselme, mume wake, alichukua karatasi moja akaisoma polepole. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Yudita hajalala tangu mumewe afe mwaka 1998? Huyu jirani yetu? Si tunamsikia akikoroma mpaka hapa!"

Perpétue alicheka pia. Kisha akasoma karatasi ya pili, ya tatu, ya kumi. Wote walisema hawalali kabisa.

Akatoka nje. Yudita alikuwa ameketi mlangoni kwake, amevaa kitenge cha kanisani. Shamba lake lilikuwa na majani matupu.

"Dada, mvua imekuja. Maharage yako je?"

"Nilimupa jirani Mukamazimpaka mbegu yote," Yudita alijibu kwa furaha. "Nitapandia nani? Si uliandika jina yangu? Batu ba ile orodha banaenda Kanada! Na mateso niliongeza kidogo, ili banione."

Kambini, mtu akija na kalamu na kuandika majina, ni chakula au ni safari ya kwenda kuishi ng'ambo. Yeye mwenyewe alilijua hilo kwa miaka kumi na miwili. Lakini hakuwaambia wajane karatasi zake zilikuwa za nini.

"Dada, mimi ni mwanafunzi tu. Sina safari ya kumpa mtu."

Yudita alimtazama sana. "Tunasali pamoja miaka yote, na hukuniambia?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Alhamisi jioni, Perpétue alimweleza mwalimu wake, Goretti, mambo yote.

"Nyabo, mama, kabla ya swali la kwanza uliwaambia nini?"

"Nilisali nao."

"Hiyo ni nzuri. Lakini waeleze pia. Sema wewe ni nani, unauliza kwa nini, na kwamba hawatapata kitu. Asiyetaka, mwache kwa amani. Majina usiandike. Ukimaliza, warudishie habari."

"Na hizi arobaini?"

"Haziwezi kutumika."

"Nikianza upya, nitachelewa mwaka mzima!"

"Utachelewa," Goretti alisema kwa upole. "Mimi nitakungoja."

Jumapili, baada ya ibada, Perpétue alisimama mbele ya kanisa. Aliomba msamaha. Alimrudishia kila mjane karatasi yake mkononi. Wengine walinung'unika. Yudita alikunja yake, akaenda zake.

Kesho yake wanawake tisa wa kanisani waliingia katika shamba la Yudita na majembe. Mukamazimpaka alileta nusu ya mbegu. Nyingine zilikuwa tayari ardhini. Perpétue alilima mstari wa kando ya Yudita mpaka mwisho.

Hapo Yudita akanyoosha mgongo.

"Basi niulize tena. Ile ya usingizi."

"Si lazima, dada. Na hutapata kitu."

"Najua. Uliza."

"Unalala?"

"Ninalala. Ila nikiamka, ninaita bwana yangu kwanza. Halafu ndiyo ninakumbuka."

Majembe yote yalisimama. Perpétue hakuwa na kalamu. Alimshika mkono, akawageukia wale wengine.

"Mungu anasikia, na ninyi ni mashahidi. Sitaandika jina la mtu tena. Na kazi ikiisha, nitaisoma hapa Kashojwa kwanza, mbele yenu, kabla haijafika Mbarara."